Aliyekunywa Baada ya Patasi

Kanisa letu lilianza kujaa kuanzia mbele, na Mchungaji akadhani ni uamsho.

Mwanzoni sikumlaumu. Mabenchi ya mbele siku zote yalikuwa ya wageni na ya waliochelewa wakakosa pa kujificha. Sisi wenyeji tulipenda ukuta wa nyuma, karibu na mlango, ambapo mtu anaweza kusinzia kwa heshima zake. Sasa kila Jumapili ya Chakula cha Bwana watu walifika asubuhi na mapema, wakisukumana viwiko kwa adabu na kuweka mikoba ili kuwashikia wenzao nafasi. Mchungaji akapanda mimbarini akasema Roho anatembea kati yetu. Kweli kulikuwa na kitu, ila hakikuwa Roho. Kilikuwa kikohozi cha kaka yangu.

Kaka yangu watu walimwita Patasi kwa sababu ya kazi yake. Alichonga mawe ya makaburi tangu ujana wake, kwenye banda la mabati nyuma ya nyumba yetu, na vumbi jeupe lilimkaa kwenye nyusi hata siku za harusi. Lilimkaa na kifuani pia. Daktari alituonyesha picha ya mapafu yake, akasema ni vumbi la mawe limeganda humo, halitoki, na wala haliambukizi. Neno hilo nililirudia kwa kila aliyeniuliza hali yake. Haliambukizi, nilisema, polepole, kama ninayemfundisha mtoto kusoma. Wakaitikia kwa vichwa. Ibada ya Meza ya Bwana iliyofuata wakasogea mbele zaidi.

Kwetu kikombe ni kimoja. Watu huinuka benchi kwa benchi kuanzia mbele, wanapiga magoti, Mchungaji anapitisha mkate halafu kikombe, anafuta ukingo kwa kitambaa, anaendelea kwa mwingine. Divai inayobaki huimaliza yeye mwenyewe. Kaka alikuwa na mahali pake katikati, penye nguzo ya kuegemea, na hakuona sababu ya kuhama. Ukikaa mbele yake, unakunywa kabla yake. Hiyo ndiyo siri yote ya uamsho ule. Waliokosa nafasi mbele ya nguzo walikumbuka ghafla dhambi ambazo hawajatubu, wakabaki wamekaa.

Niliyaona yote hayo kwa sababu nami nilikuwa mtu wa kubaki nimekaa. Tangu nimzike mume wangu, mimi na Mungu tulikuwa hatusemezani. Kanisani nilikwenda kumshika Kaka mkono, na baada ya ibada niliosha vyombo vya Meza kule sakristia, chumba cha nyuma ya madhabahu, maana kuosha vyombo hakuhitaji imani, kunahitaji maji. Kula na kunywa nilikataa.

Kaka hakunisumbua. Siku moja tu alinieleza, akiwa amekaa juu ya jiwe lililokuwa bado halina jina.

"Mdogo wangu, nimewachongea watu hawa baba zao na mama zao. Kila mtu na jiwe lake, kila mtu na shimo lake. Pale mezani ndipo pekee ninapoweka mdomo alipouweka mwenzangu, na mwingine akauweka nilipouweka mimi. Bila hivyo, divai si ningekunywa hapa hapa nyumbani?"

Akavuta pumzi kwa shida, kisha akatabasamu. "Na umeona siku hizi wanavyoikimbilia Meza?"

Roho iliniuma. Nikasema nimeona.

Aliyemfumbua macho ni Mama Kwaya, kiongozi wa waimbaji wetu. Alikuja bandani na sauti yake tamu, akamsifu kwa jiwe alilomchongea mama yake, ambalo mpaka leo halijapasuka, akazunguka mbuyu weee, mwisho akasema, "Patasi, baba yangu, usinielewe vibaya. Kwa nini usiletewe Chakula huku nyumbani? Wewe utapumzika, na watu nao watapumzika."

"Watu wamechoka na nini?" Kaka akauliza.

Mama Kwaya akatazama viatu vyake. Mimi nilimsindikiza mpaka barabarani kwa maneno ambayo siyaandiki hapa, na sijutii hata moja.

Niliporudi, Kaka alikuwa ameishika patasi bila kuitumia. "Kumbe ndiyo maana," alisema. Siku ile hakuchonga tena.

Jumapili ya Meza ilipofika, aliniomba tukae benchi la mwisho kabisa, pale mlangoni.

"Nitakwenda wa mwisho," alisema. "Wote watakuwa wamekwisha kunywa, hakuna wa kuniogopa."

"Na wewe utakunywa na nani?"

"Mchungaji si yupo? Yeye ndiye anayemaliza. Akinywa baada yangu, nimekunywa na wote."

Alilisema kwa utulivu, lakini aliushika mkono wangu kwa nguvu, na nikajua kwamba hilo ndilo alilobaki nalo.

Watu walipomwona yuko nyuma walikaa popote walipotaka. Mama Kwaya hata aliimba vizuri kuliko siku zote. Zamu ya Kaka ilipofika tulitembea, tukisimama kila baada ya mabenchi machache ili apate pumzi, na kanisa zima likasikiliza kifua chake kikikoroma. Alipiga magoti. Mimi nilisimama kando. Alikunywa, akainamisha kichwa, na hakukiinua haraka.

Mchungaji alifuta ukingo wa kikombe. Akaufuta tena. Kisha akatugeuzia mgongo, akakifunika kikombe kwa kitambaa, akatangaza wimbo wa mwisho.

Kule sakristia nilikuta kikombe kikiwa na divai bado. Mchungaji alikuwa anavua kanzu, akihangaika na vifungo.

"Hiyo imwage tu udongoni, Mama," alisema. "Kwa heshima."

"Hukunywa."

"Nina watoto wadogo nyumbani."

"Daktari alisema haliambukizi."

"Najua, Mama," alisema. "Najua." Akatundika kanzu yake msumarini, akatoka kwenda kuwapa watu mkono.

Nilibaki na kikombe mkononi. Ningependa kusema niliomba, lakini sikuomba. Nilikuwa na hasira mpaka meno yakaniuma. Nikatafuta upande alionywea Kaka, nikaweka mdomo papo hapo, nikanywa mpaka chini. Divai ilikuwa imepata uvuguvugu, na ndani yake mlikuwa na ladha ya dawa yake ya kifua. Kisha nikaosha kikombe.

Kaka alikuwa akinisubiri peke yake kwenye benchi la mlangoni.

"Amemaliza?" aliniuliza.

"Kimekwisha chote."

Alinitazama. Akanyoosha kidole gumba, kigumu kama jiwe lenyewe, akanifuta kwenye kona ya mdomo, kisha akakitazama kidole.

"Basi Mchungaji hakunywa," alisema.

"Hakunywa."

"Umekunywa wewe."

"Mimi."

Machozi yalimtoka, na sikujua analia kwa lipi kati ya hayo mawili. Sidhani kama mwenyewe alijua. Tulikaa pale mpaka mlinzi alipokuja kufunga madirisha.

Hakuiona Meza nyingine. Kabla haijafika alikuwa kaburini, chini ya jiwe alilojichongea mwenyewe. Baada ya mazishi kanisa lilinunua vikombe vidogo vya plastiki, kila mtu na chake, ukishakunywa unatupa. Mchungaji aliyaita hayo maendeleo. Mabenchi ya mbele yamerudi kuwa matupu.

Mimi na Mungu tunasemezana siku hizi, kwa shida. Lakini wanapoinuka wenzangu, bado ninabaki nimekaa, maana pale mbele hakuna tena mtu wa kunywa baada yake.