Chakula cha Gbiti

"Wewe Mbolihe, nyama hiyo umeitoa wapi?" Nabaru alipaza sauti kutoka uani kwake, na sisi majirani tukatoka kusikiliza.

"Wenye bunduki wamevuka mpaka wakachukua pembe, mzoga wakauacha. Ulitaka niwaachie fisi, shemeji?"

"Ndovu mwenyewe alikuwa na sikio lililochanika?"

"Mimi nilifuata nyama, sikumkagua masikio!"

Alicheka peke yake. Kwetu kila mtu anajua kwamba watu wa ukoo wa Gbiti wakifa hurudi wakiwa ndovu. Tangu Nabaru amzike Gbiti, mumewe, ndovu mwenye sikio lililochanika alikuwa akija kila jioni pembeni mwa shamba lake la muhogo, naye Nabaru akimpelekea chakula. Leo ilikuwa siku ya tatu hajaonekana.

Mbolihe aligeukia kichanja chake cha kukaushia nyama. Sikio lilikuwa pale juu, limechanika hadi katikati. Akauzima moto kwa maji ya kunywa.

"Gbiti alikuwa rafiki yangu," alisema.

Nabaru hakulia. "Chakula chake nimeshakipakua," akasema. "Ingia, shemeji, ukile wewe."