Guno la Mama

Mama yake Hamisa alikuwa mfinyanzi Handeni, na kila alipoona chungu kibaya aliguna. Alipofariki, Hamisa akaanza kufinyanga kidogo kidogo, kila asubuhi kabla ya kwenda shamba, leo kitako, kesho shingo. Mdomo wa chungu ukipinda tu, nyuma yake mtu aliguna.

"Unageukia nini?" mumewe, Muhsin, alimuuliza.

"Mama hajakipenda."

Muhsin hakucheka. Alisogeza kigoda chake karibu na mlango, kumwachia mkwewe nafasi.

Miaka ikapita hivyo. Vyungu vikaacha kupasuka motoni, na guno likawa la nadra. Asubuhi moja Hamisa alimaliza chungu, akakizungusha, akasubiri. Kimya. Kilipotoka motoni wanawake wa sokoni walikisifu, naye akarudi nyumbani analia.

Kesho yake alikusudia kukosea. Aliubonyeza mdomo wa chungu kingine kibichi upinde, lakini vidole vyake vikaunyoosha bila yeye kutaka. Akaubonyeza tena, vikaunyoosha tena. Mpaka jua linapanda alikuwa pale pale, mikono ikifanya kazi safi, akiita kwa sauti ndogo, "Mama, njoo uone, nimeharibu."