Ukungu Tumboni mwa Watasema

Honorata alipokwenda kuinjika makande asubuhi hiyo, alimkuta mbwa amelala karibu na mafiga, na sakafu chini yake imelowa tena. Haukuwa mkojo. Ulikuwa umande, safi na wa baridi, kama ule wa kwenye majani ya msituni kabla jua halijachomoza. Akaufuta kwa tambara, akalikamua nje kwenye mche wa parachichi, kisha akarudi kumwekea mbwa huyo, Watasema, mkono tumboni. Uvimbe ulikuwa umefikia ukubwa wa papai, na ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Watasema alikuwa mzee, mdomo wote umeota mvi. Jina lake alipewa na Eliakimu, mume wa Honorata, majirani walipomcheka kwa kumlisha mbwa kwenye sahani. Eliakimu alikuwa mlinzi wa msitu, na kila alikokwenda mbwa alikuwa nyuma yake. Alikuwa nyuma yake hata siku ile alipoingia msituni asirudi. Mwili ulikutwa bondeni, chini ya jabali, watu wakasema aliteleza. Mbwa alirudi baadaye, peke yake, manyoya yamelowa chapachapa, na tangu hapo kila alipopumua ulimtoka ukungu kidogo puani, hata mchana wa kiangazi. Kijiji kizima cha Mhezi kilimzoea. Wenye nguo za kukausha walizianika mbali naye, basi.

Sasa alikuwa hali chakula. Daktari Careen, binti mwenye chumba cha matibabu nyuma ya duka la dawa za mifugo mjini Same, alipopanda mlimani kuchanja ng'ombe alimpapasa, akasema ni bandama.

"Tusipompasua, itapasuka yenyewe, mama. Na tukimpasua, kwa umri wake, anaweza asiamke. Sikufichi."

"Angekuwa wako?"

"Ningempasua. Huku nalia."

Evaline, dada yake Honorata, alimwambia mbwa ni mbwa, amwache afie nyumbani.

"Hata Eliakimu ningependa afie nyumbani," Honorata alijibu. "Sikuulizwa." Akaenda kutafuta gari.

Gari lilikuwa la Abednego, mfanyabiashara wa mbao. Alikuwa rafiki wa Eliakimu. Siku ya maziko alishika jeneza upande wa kichwa, na mwaka uliofuata aliezeka nyumba ya mjane kwa bati jipya bila kuombwa.

"Shemeji, kaa mbele na mgonjwa wako," alisema, akakunja koti lake kuwa mto wa mbwa.

Njia nzima ya kuteremka Watasema hakumwondolea Abednego macho. Kioo cha mbele kilijaa mvuke kwa ndani, naye Abednego akawa anakifuta kwa kiganja huku akisimulia habari za tangawizi yake iliyooza shambani.

Same ilikuwa na joto na vumbi. Dukani, kwenye benchi, alikuwapo askari polisi asiyevaa sare, aliyekuja kununua dawa ya vifaranga. Abednego akaketi pembeni yake kusubiri. Honorata akaruhusiwa kuingia ndani, amshike mbwa mguu mpaka usingizi wa sindano umchukue. Ulipomchukua, Careen akamwambia abaki amshikie taa, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika.

Careen alipasua taratibu. Bandama ilikuwa imevimba, ya kijivu, imetulia kama yai. Kisu kilipoigusa, ukungu ukatoka.

Ulitoka polepole, kama maziwa yanayomiminwa kwenye maji. Ulinukia kuvu na udongo mbichi. Ukajaza chumba hadi kiunoni, ukapita chini ya mlango, ukafika kwenye benchi. Careen aliendelea kufunga mishipa kwa kupapasa.

"Sogeza taa hapa, mama."

Ndani ya ukungu mlisikika matone yakianguka majanini, na ndege wadogo. Kisha chenso, msumeno wa mashine, ikanguruma. Kisha ikazimwa, na Eliakimu akasema, "Abednego, miti hii si yako. Wapeleke watu wako nyumbani." Nyayo zikakaribia. Halafu akasema tena, kwa sauti ya chini zaidi: "Niachie, Abednego. Ndugu yangu, niachie." Mawe yakaporomoka. Baada ya hapo mbwa alibweka, mbwa kijana mwenye pumzi zake, akabweka mpaka sauti ikawa kama maji.

"Damu imekoma," alisema Careen. "Nashona."

Honorata alikuwa ameshaisahau sauti ya mumewe. Alikuwa akiitafuta miaka yote, jikoni, shambani, kanisani wanaume wanapoimba, haiji. Sasa alikuwa amerudishiwa, na maneno yake yalikuwa hayo tu.

Alipotoka, alimkuta Abednego ameketi vilevile, ukungu umemfika magotini, matone yamening'inia kwenye kope. Askari alikuwa akifuta simu yake kwa shati. Alimwona Honorata, akasimama.

"Umesikia?" Honorata alimuuliza.

"Nimesikia, mama. Pole sana." Akatazama mlangoni. "Lakini nimfikishe nani kutoa ushahidi mbele ya hakimu? Shahidi ni ukungu, na ndio huo unaondoka."

Kweli ulikuwa unaondoka. Ulipanda juu ya mabati ya maduka, ukatanda, na mvua nyembamba ikanyesha juu ya Same isiyo na mvua. Wauza nyanya wakafunika meza zao.

"Mvua hiyo," alisema Abednego.

"Ni mvua," alisema Honorata.

"Basi tusichelewe. Barabara itateleza."

Hapakuwa na gari jingine la kupanda Mhezi ambalo lingepakia mbwa mwenye mshono. Honorata alipanda nyuma, juu ya maturubai, kichwa cha Watasema kimelala pajani pake. Kwenye kona za juu mbwa alifumbua macho, akavuta pumzi, akaitoa, na pumzi ilikuwa kavu kama ya mbwa yeyote. Hapo ndipo Honorata alipolia. Nyumbani, Abednego alishuka ili amsaidie kumbeba.

"Mwache," alisema Honorata. "Huyu nambeba mwenyewe."

Akambeba.

Habari ilikuwa imeshatangulia mlimani. Watu walimsalimia Honorata kwa upole zaidi kuliko zamani, na Abednego walimsalimia kama kawaida. Ulipofika wakati wa kuchagua wazee wa kanisa, Abednego alichaguliwa. Watasema alianza kwa uji, akaja kwenye mifupa, akawa anatembea hadi kwenye uzio na kurudi.

Siku moja Abednego alipita njiani na vijana wake, akasimama.

"Shemeji, mgonjwa anaendeleaje?"

"Anakula," alijibu Honorata, kwa sababu ni kweli alikuwa anakula.

Abednego alimshukuru Mungu, akaendelea kupanda, chenso begani. Walikuwa na mwendo mrefu, maana siku hizo msitu ulikuwa unaanzia mbali.