Sonboli ya Esmat

Miaka thelathini na nne Esmat alikaa upande wa mlangoni. Nyumba ya akina Rezvani pale Hamadan ilikuwa na korsi moja, meza fupi ya mbao yenye jiko la makaa chini yake na mfarishi mkubwa juu, na theluji ikishafunga ua hakuna aliyekuwa na pa kwenda ila kuingiza miguu humo na kutulia. Raha ipo, asikudanganye mtu. Miguu inapata moto, chai iko karibu, komamanga limeshapukuchuliwa kwenye bakuli. Lakini korsi ina pande nne na hazilingani. Upande wa juu una takia mbili na haupigwi na upepo. Upande wa mlangoni kila anayeingia anakukanyaga, na baridi aliyokuja nayo anakuachia mgongoni.

Katika nyumba hiyo upande wa juu haukutolewa kwa umri. Ulitolewa kwa sonboli, ua la harufu linaloota kwenye kitunguu. Baba mkwe, Mungu amrehemu, ndiye aliyeanzisha mchezo: majani ya miti yakianza kupukutika, kila mwanamke wa nyumba anakalisha kitunguu chake cha ua juu ya gilasi ya maji yenye shingo nyembamba, anakificha gizani kwenye ghala la chini, kisha anakitoa asubuhi baada ya Yalda, usiku mrefu kuliko yote wa mwaka, na kukileta kwenye joto. Ambaye maua yake mawili yatafunguka kwanza atakaa juu mpaka korsi iondolewe. Ni mchezo wa watu wenye theluji nyingi na kazi chache, lakini watu wa namna hiyo ndio wanaoshika mchezo kama dini.

Esmat hakuwahi kushinda hata mara moja. Kitunguu chake kilitoa majani marefu malegevu, na mwaka wa neema kilitoa vijiua vitatu vilivyojibana katikati ya majani kana kwamba vinaona haya. Alishinda mama mkwe, na mama mkwe alipofariki akashinda Aqdas, dada wa mumewe, ambaye hakuolewa na hakumsamehe yeyote aliyeolewa.

"Mkono mkavu," mama mkwe alikuwa akisema, tena mbele ya wageni. "Huyu ukimpa hata mwiba autunze, utakauka."

Kila mtu alijua anasema nini. Esmat hakuzaa. Mwaka wa nne wa ndoa, Nosrat mumewe alimpeleka kwa daktari Tehran, wakapimwa wote wawili, kisha Nosrat akarudi huko peke yake kuchukua majibu. Alikuja na kitambaa cha hariri cha rangi ya zafarani, akamkalisha chini, akamwambia, "Ni wewe. Lakini mimi sikuachi." Na kweli hakumwacha. Kila sonboli ya Esmat iliposhindwa, Nosrat aliishika mikono yake chini ya mfarishi na kusema anaipenda hivyo hivyo ilivyo. Esmat alimshukuru kwa maneno hayo kila siku aliyoishi naye. Ni shukrani nzito kuibeba, ila aliibeba.

Nosrat alifariki mwishoni mwa kiangazi. Walibaki wanawake wawili, makaburi matatu na korsi.

Siku za kuweka vitunguu zilipofika, Esmat alikwenda chini ya ngazi, akatoa kapu lake la vitunguu. Yalikuwa makapu mawili, la Aqdas na lake, na hakuna mwaka ambao hayakuwa yameshapangwa. Alijua nani anapanga: zamani mama mkwe, siku hizi Aqdas. Nosrat alikuwa mtu wa bustani tu, akifukua na kukausha, akimbebea mkewe kapu mpaka chumbani kwa adabu. Safari hii, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumshika mikono akishindwa, Esmat aliamua hatashindwa. Alitia vitunguu viwili mkobani akaenda sokoni kwa Mashadi Yadollah, muuza mbegu, kumwomba dawa ya kuvitia nguvu.

Yadollah alivigeuza mkononi, akavibonyeza kwa kidole gumba, kisha akamtazama Esmat.

"Mama, hivi umepewa na nani?"

"Vya nyumbani. Kwa nini?"

"Hivi vimekwisha. Vilishatoa ua juu ya maji mwaka jana. Kitunguu kikishanyonywa na gilasi kinatakiwa kirudi ardhini kipumzike miaka miwili mitatu. Ukikirudisha kwenye maji utavuna majani tu."

"Labda ni mkono wangu."

"Mkono?" Yadollah alicheka mpaka akakohoa. Alichukua kisu akakipasua kimoja cha Esmat, kisha akapasua kimoja chake cha dukani, akaviweka sambamba juu ya gunia. Cha dukani kilikuwa na kitu katikati, kidogo, cha kijani kilichopauka, chenye chunusi nyingi zilizopangana. Cha Esmat kilikuwa magamba mpaka ndani. "Ona. Ua huwa limeshakaa humo kabla hujakigusa. Mkono kazi yake kumwaga maji, basi. Hapa hata angekuja malaika kukilea, angelea nini?"

Esmat aliangalia zile nusu mbili kwa muda mrefu. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alinunua kitunguu kimoja kizito, akaomba afungiwe na zile nusu za cha kwake kwenye kipande cha gazeti, akarudi nyumbani akikanyaga matope bila kuyaona. Njia nzima alimsema Aqdas kimoyomoyo, na maneno yalimtoka matamu, ya kupangwa, kama mtu anayefanya mazoezi ya hotuba.

Lakini hakuyasema. Aliyaweka. Alitaka ayaseme akiwa amekaa juu.

Basi wakaishi hivyo, theluji ikija na kuja. Usiku wa Yalda ulipita na matikiti yake, na asubuhi gilasi mbili zikapandishwa kutoka ghalani, zikawekwa dirishani, ya Aqdas kulia na ya Esmat kushoto. Mawifi hawa wawili wakakaa kuzitazama kama mahakimu.

"Wifi, ingiza mguu, unaniachia baridi," Aqdas alisema akibandua ganda la tanipu la moto.

"Baridi inatoka mlangoni. Na mlangoni niko mimi."

"Pamekuzoea hapo. Hicho cha mwaka huu mbona kinene? Umekilisha nini?"

"Nimekisomea."

"Kisomee sana. Mama alikuwa akisema wewe ukisomea unga, mkate hauumuki."

"Mama yako alisema mengi. Na wewe umeyarithi yote, maana kingine cha kurithi hukupata."

Aqdas alitafuna tanipu yake taratibu, akamalizia kwa kunyonya kidonge cha sukari na chai. Hawakununiana. Kununa kunataka uwe na chumba kingine chenye moto, na hawakuwa nacho. Walipigana vijembe asubuhi, wakala supu pamoja mchana, wakachoma bitiruti alasiri na kugombana nani kachukua tamu. Kuna saa Esmat, miguu imemlegea kwa joto, harufu ya ganda la chungwa ikinuka juu ya makaa, alijisahau akaona maisha si mabaya. Halafu alikumbuka lile gazeti kwenye sanduku lake, na roho ikamwuma upya.

Wiki ya tatu vikonyo vilichomoza vyote viwili. Cha Aqdas kilikuwa cheupe. Cha Esmat kilipanda kifupi, kinene, kikabadilika kuwa buluu iliyoiva. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alimwona Aqdas akisimama dirishani na kikombe mkononi bila kunywa.

Alhamisi moja, baada ya chai ya asubuhi, Esmat alisogeza pazia. Maua mawili ya chini kwenye sonboli yake yalikuwa wazi, yamejikunja ncha, na chumba kizima kilikuwa kimeshaanza kunukia. Cha Aqdas kilikuwa kimefumba. Esmat aliichukua gilasi, akaiweka katikati ya korsi, akaenda upande wa juu akasimama.

"Nipishe, wifi."

Aqdas hakuinuka. "Hicho cha sokoni."

"Sheria haikusema kitoke wapi."

"Sheria inajua vitunguu vya nyumba hii. Ukinunua ni sawa na kununua mtoto ukamwita wako."

Hapo Esmat aliona chumba kimekuwa cheusi pembeni. Alikwenda kwenye sanduku, akarudi na lile gazeti, akazimwaga zile nusu mbili zilizokauka juu ya mfarishi, mapajani mwa Aqdas.

"Ndani mna nini? Tazama! Hamna kitu. Miaka thelathini na nne mnanipa makapi yenu, vitunguu mlivyokwishavinyonya nyinyi, halafu mnaita majirani waje waone mkono mkavu. Mama yako yuko mbele ya Mungu, atajibu. Wewe unijibu mimi. Ulikuwa ukinipangia kapu, huku unacheka?"

Alingoja Aqdas akane, au atukane. Aqdas alizichukua zile nusu, akazifikicha, akaziangusha pembeni. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa na kitu kibaya zaidi, kama mtu anayemhurumia mwenziwe na anaona raha kidogo.

"Mimi sijawahi kugusa kapu lako," alisema. "Wala mama. Sisi tulijua kufukua? Nani alikuwa akikuletea?"

"Alikuwa akinibebea tu."

"Alikuwa akikuchagulia, wifi. Yeye na kisu chake, chini ya ngazi, hata hivi vya mwaka huu alivipanga kabla hajafa. Mwaka wa kwanza mama alimwambia ampe bi harusi vizuri, usije ukasikia vibaya. Akasema hapana. Akasema, 'Mama akishindwa atanuna mpaka mwaka mpya wa Nouruzi. Esmat akishindwa atalia siku moja, mimi nitambembeleza.' Akaona imefaa, akaendelea."

"Mwongo wewe."

"Mimi nina ulimi mbaya, hilo nimekubali. Mwongo mwite mwingine."

Esmat alikaa. Hakuchagua mahali, ikatokea ni penye takia, ubavuni mwa Aqdas. Alimwona Nosrat akiingia na kapu, miaka yote, mwaka mmoja nyuma ya mwingine, akilitua kwa adabu. Alimwona chini ya mfarishi akiishika mikono yake. Mtu amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa maisha mazima, na wewe unamwambia ahsante, unanukia. Mawazo yakaenda yenyewe kule ambako hakutaka yaende, mpaka barabara ya Tehran, mpaka kwenye kitambaa cha hariri.

"Aqdas," alisema. Hakuwahi kumwita kwa jina tupu. "Na Tehran?"

"Tehran ipi?"

"Unaijua."

Aqdas alinyoosha mkono kuchukua birika, akaona halina chai, akalirudisha. "Usiniulize mimi hayo."

"Yeye siwezi kumwuliza."

Nje mtu alikuwa akikokota theluji kwa koleo juu ya paa la jirani. Aqdas alisikiliza koleo hilo kana kwamba linamhusu.

"Nilikuwa namimina chai," alisema hatimaye. "Alimwambia mama tu, mimi sikuhesabiwa mtu. Alisema daktari kamwambia ni yeye. Wewe huna tatizo. Mama akalia, akasema watu wakijua utaondoka, na una haki ya kuondoka. Nosrat akasema basi wasijue." Alimtazama Esmat usoni kwa mara ya kwanza. "Mimi ningekwambia. Kuna siku uliniudhi sana nikataka kukwambia ili uondoke. Halafu nikafikiri, ukiondoka nitabaki nao peke yangu."

Esmat alicheka. Kilikuwa kicheko kikavu, cha kutisha, hata yeye kilimshtua. Alikuwa na miaka ishirini na nane wakati ule. Angeweza kuondoka. Angeweza kuwa mama wa watu wazima sasa, bibi wa mtu. Alichukia waliokufa wote wa nyumba hiyo, mmoja mmoja kwa jina, na aliyekuwa hai alimchukia kidogo kuliko wote, jambo ambalo lilimkasirisha zaidi.

Alimsukuma Aqdas kwa nyonga. "Sogea. Nenda mlangoni."

Aqdas alisogea. Aliokota kikombe chake na kitambaa chake cha miguu, akazunguka korsi nzima kwa magoti yake mabovu, akakaa upande wa mlangoni bila kuguna. Upepo uliingia chini ya mlango ukampata mgongoni, akajifunika shali. Esmat alivuta takia zote mbili, akaegemea, akaivuta gilasi karibu. Joto lilikuwa jingi huko juu, jingi kuliko alivyodhani, na harufu ya sonboli ilikuwa tamu mpaka ikamkera.

Walikaa hivyo mpaka adhana ya adhuhuri. Aqdas alikwenda jikoni akakaanga unga kwa ajili ya halua, kama walivyofanya kila Alhamisi tangu msiba, akarudi na sahani iliyopambwa kwa mdalasini, akaiweka juu ya korsi, mbali na ua. Alifungua viganja.

"Haya, wifi. Tumsomee Fatiha, arehemewe."

Esmat hakutoa mikono chini ya mfarishi.

"Msomee wewe," alisema. "Mimi sijamaliza naye."