Mfereji Uliokuwa Safi Mno

Merle Fetterhoff aliupaka mtutu wa bunduki masizi ya taa, akaulaza taratibu ndani ya mfereji aliouchonga kwenye mbao ya mti wa mepo, akaugonga kwa kiganja, kisha akaunyanyua. Palipobaki doa jeusi ndipo mbao ilipozidi. Akachukua patasi, akakwangua hapo tu, akapuliza vumbi, akapaka tena. Kazi hiyo aliianza majani yalipokuwa yakipukutika, na sasa theluji ilikuwa ikiyeyuka juu ya paa la banda.

Lilikuwa gobori lake la kwanza, refu na jembamba, la mtindo wa mabonde yale ya Pennsylvania. Alitaka jambo moja tu: liwekwe kwenye meza ya kazi za mikono, Jumamosi, kwenye mkutano wa chama cha wapenzi wa bunduki za kale. Kila mwanamume aliyemheshimu alikuwa amewahi kuweka kitu kwenye meza ile. Yeye, miaka yote hiyo, alikuwa akiwapangia viti. Kazi isiyokamilika ilikubaliwa. Kazi ya mashine, hapana.

Mkaguzi wa meza, Galen Umholtz, alifika mchana pamoja na Dwight, kaka yake Arlene, mke wa Merle. Galen alivaa shati la ngozi la wawindaji wa kale, matamvua yakining'inia hadi magotini, akashuka kwenye gari ambalo viti vyake hupashwa moto. Alikuwa ameapa kutotumia chochote ambacho babu wa babu yake asingekitambua, isipokuwa gari, meno ya bandia, na vile vifaa vya kusikia vya masikioni ambavyo alivipandisha sauti alipoingia.

"Haya, bwana Merle, tuone."

Akaomba mshumaa, maana kanuni ilisema mshumaa. Hakuona kitu. Akatoa simu, akawasha tochi. Akapitisha ukucha kwenye mfereji mwanzo hadi mwisho, kisha akanusa.

"Safi," alisema.

"Asante, mzee."

"Sijakusifu. Ni safi mno. Hii ni mashine."

"Mashine gani? Banda hili halina hata umeme!"

"Basi ulikwenda kwa mwenye umeme."

Dwight alimpiga begani. "Shemeji, sema ukweli tu. Hatutakucheka. Au tutacheka kidogo."

"Wewe nyamaza! La kwako lilitoka kiwandani, ndani ya sanduku. Mimi ndiye niliyekusaidia kulifungua!"

"Ndiyo, na likapita," alisema Dwight, uso mkavu. "Nilikaa nalo jioni nzima nikilikwaruza kwa bisibisi. Mzee Galen alipoliona, nusura alie."

Merle alimgeukia mkaguzi. Galen alikuwa amesikia kila neno, na halikumsumbua hata moja.

"Lile lilikuwa na mkono wa mtu ndani yake," alisema kwa upole. "Mababu walikuwa na baridi na njaa, Merle. Nani angekaa kulainisha mahali pasipoonekana? Ukiona makosa, umemwona fundi."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Siwezi kukuambia, mimi mkaguzi. Nitapita tena kesho jioni. Nikikuta makovu ya patasi, nitasema nimekuta makovu ya patasi."

Wakala pai ya molasi ya Arlene, Galen akaongezewa mara mbili, wakaondoka.

Merle alichukua kipande cha mbao kilichobaki, akajaribu kukiharibu. Patasi ilipita kama kisu kwenye siagi. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Akajaribu amefumba macho. Kila mara ulitoka mfuo ulionyooka, laini, wa aibu.

Arlene aliingia kuchukua sahani. "Unafanya nini?"

"Najifunza kuharibu."

"Ungeniuliza, mume wangu. Ile ngazi ya jikoni uliiharibu bila kujifunza."

Akamnyang'anya patasi, akaishika kama kisu cha mkate, akasukuma. Chuma kikaruka, kikachimba, kikang'oa kibanzi. Akarudia mara mbili. Yalikuwa makovu mabaya, ya kupinda, sawasawa na yale ya bunduki kongwe zinazofungiwa kwenye kabati za vioo. Merle aliyatazama kwa wivu.

"Hayo ndiyo," alisema.

"Basi leta gobori nikufanyie."

Merle aliuangalia mfereji wake, kisha akawaza meza ya Jumamosi, na viti alivyovibeba.

"Kesho," alisema. "Pale mwisho bado panagusa. Sijapalainisha."

"Yaani unalainisha leo nitakapokwaruza kesho?"

"Ndiyo."

Arlene akakusanya sahani, akaenda zake. Merle akapaka masizi, akalaza mtutu, akaunyanyua, akakwangua. Aliendelea hivyo hadi dirisha lilipoingia giza. Akaitundika patasi, akaifunika mbao kwa kitambaa. Doa jeusi moja lilikuwa bado lipo.