Brashi Aliyoichagua Jackton

Jackton alikuwa mtu wa kunyoa ndevu kila siku ya Mungu. Tangu alipoajiriwa na reli akiwa kijana hadi miaka yake ya kustaafu, majirani wa mtaa wa Jericho walizoea kumwona asubuhi kando ya mlango wake, kioo kimetundikwa kwenye msumari, taulo begani, akizungusha brashi juu ya sabuni mpaka povu likasimama lenyewe. Sabuni yake ilikuwa ile ngumu, ya duara, inayokaa ndani ya mkebe wa bati. Zile za kufinya kutoka kwenye tyubu hakuzitaka kabisa. Alisema zinateleza usoni kama ahadi za wanasiasa.

Kisha kiharusi kikampiga. Kilimkuta Jumapili akiwa bado hajavua viatu vya kanisani. Mkono wa kulia ukalegea, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakamkwama kooni. Daktari alisema maneno huenda yakarudi, na huenda yasirudi. Alipotoka hospitalini, bintiye wa pekee, Clare, alifunga begi lake kule kwake mtaa wa Donholm aje akae naye.

"Nenda ukae na mzee," mumewe Austine alimwambia. "Mimi na watoto tutajipanga."

Clare alijua kumlisha baba yake, kumwogesha, kumfanyisha mazoezi ya mkono. Hakujua la kufanya na ndevu. Ziliota nyeupe, zikamfunika mashavu, na kila zilivyozidi ndivyo Jackton alivyozidi kujificha. Watu wa kanisa wakija kumwombea, anageukia ukutani. Akipita mbele ya kioo, anakigeuza kwa mkono wa kushoto. Austine alileta mashine yake ya umeme akajaribu kumsaidia, lakini ilivuta ngozi ikamwachia vipele, na tangu hapo Jackton akiisikia tu ikinguruma alikuwa akiusukuma mkono wa mkwewe.

Ndipo Clare akakumbuka ule mkebe wa bati. Aliukuta chini ya kitanda, sabuni imebaki zaidi ya nusu, ngumu kama jiwe. Brashi haikuwepo. Shangazi zake waliotoka Siaya kuja kusafisha nyumba wakati mgonjwa amelazwa walikuwa wameitupa. Ilikuwa imenyonyoka, imebaki na vinywele vichache, nao wakadhani ni takataka.

"Nitakununulia nyingine, Baba," alimwambia. Jackton alimtazama, kisha akashusha macho.

Ile ya kwanza Clare aliinunua katika duka kubwa la karibu na kwake Donholm. Aliichagua kwa sababu ilikuwa nzuri: nywele ndefu, laini kama manyoya ya paka mchanga. Aliilowesha, akaizungusha juu ya sabuni. Nywele zikalala. Akaongeza maji, akazungusha tena hadi bega likamuuma. Alichopata ni maji meupe yaliyomchuruzika Jackton shingoni yakaingia ndani ya shati. Mzee alivumilia kwa muda, halafu akageukia ukutani.

Clare alitoka nje akaketi kwenye ngazi, brashi mkononi, machozi yakimlengalenga. Hapo ndipo Wathome alipomkuta. Wathome alikuwa jirani wa mlango wa pili, mchonga vinyago aliyestaafu, rafiki wa Jackton tangu Clare hajazaliwa; Clare alimwita Baba Ndete, kwa jina la mwanawe.

"Kuna nini, msichana wangu?"

"Ni hii brashi, Baba Ndete. Haitoi povu. Hata sijui nakosea wapi."

Wathome aliichukua, akaikandamiza kwenye kiganja chake. Nywele zililala zikabaki zimelala. Akacheka kidogo, kicheko cha upole.

"Hii ni ya kumpaka mtoto poda. Ingefaa sabuni laini ya tyubu. Ya babako inataka nywele zinazosimama: fupi, nyingi, zilizobanana. Ukizikandamiza zipinde, halafu zikusukume mkono. Ila ncha zake ziwe laini, maana ngozi ya mzee si mbao. Nenda soko la Muthurwa, umuulizie Abdirizak anayewauzia vinyozi vifaa. Mwambie umetumwa na Wathome."

Mvua ilikuwa inanyesha Clare alipofika Muthurwa. Abdirizak, kijana mrefu mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alikuwa ameshusha turubai juu ya meza yake yenye mashine, vitana na nyembe. Alimsikiliza bila kumkatiza.

"Mzee anatumia sabuni ngumu?" aliuliza. "Siku hizi wachache sana, dadangu. Za nywele za nguruwe zinafaa kazi hiyo, lakini hizo mimi siuzi. Nina za singa za farasi na hizi za nyuzi za kiwandani. Njoo, ingia usilowe."

Alimwaga maji ya moto kutoka kwenye thamosi yake ya chai, akatoa kipande cha sabuni ngumu alichokuwa nacho mwenyewe, akamfundisha. Kwanza vuta nywele uone kama zinang'oka. Ya kwanza ikang'oka mbili tatu, akaiweka kando. Kisha iloweke. Kisha ikung'ute, usiiogope, ikung'ute kweli. Clare alijaribu moja baada ya nyingine. Kuna iliyokuwa ngumu kama ufagio wa chelewa, akaipitisha shavuni mwake mwenyewe na kuikataa papo hapo. Mwishowe zikabaki mbili. Moja ilikuwa ya singa za farasi, mpini wake wa mti uliong'arishwa, mwembamba, wa kupendeza. Nyingine ilikuwa ya kiwandani, fupi, mpini wake mweusi wa plastiki, mnene kama limau, haina uzuri wowote. Zote mbili zilitoa povu.

"Mimi naipenda hii ya farasi," Clare alisema, "lakini sina hakika."

"Lipia moja, peleka zote. Mwenye uso ndiye achague. Ile atakayoikataa utanirudishia."

"Na nisiporudi?"

Abdirizak alitabasamu. "Mtu aliyekuja kwenye mvua hii kumtafutia babake brashi? Utarudi."

Clare alizitia zile brashi ndani ya mkoba, karibu na kifua, akaondoka.

Alipofika Jericho mvua ilikuwa imekatika, lakini hofu nyingine ilimshika. Hakuwahi kushika wembe usoni mwa mtu, na upande mmoja wa uso wa baba yake ulikuwa umelegea, haukusikia vizuri. Ingekuwaje kama angemkata naye asihisi?

"Anza na mimi," Wathome alisema alipoelezwa, akaketi kwenye kiti uani kabla hajajibiwa. "Afadhali ukosee hapa. Uso huu hauna mpango wa kuoa tena."

Mkewe, Kathini, alikuwa akianika nguo kwenye kamba. Alicheka hadi akashika mbavu. "Hata babako alianza hivyo hivyo," alimwambia Clare. "Umesahau? Mamako alipofariki, Jackton alikuja kwangu akasema, 'Mama Ndete, nifundishe kusuka, mtoto asiende shule kama yatima.' Mtu mzima, mfanyakazi wa reli! Nilifunga kamba za katani kwenye mgongo wa kiti, akasuka kamba zile jioni nzima akitoka jasho."

Clare hakuwa amesahau zile nywele. Alikumbuka mistari iliyopinda, na zile Jumapili jioni alizokuwa akikaa chini katikati ya magoti ya baba yake, yeye akihema puani kwa makini. Habari ya kamba za katani ndiyo hakuwahi kuisikia. Baba yake hakuwahi kumwambia. Alisimama na wembe mkononi, amemkumbuka mtu yule akihangaika na kiti, na ilibidi angoje kidogo macho yake yakauke ndipo aendelee na shavu la Wathome.

Alimkata mara moja tu, chini ya kidevu. Wathome alisema hajasikia kitu, ingawa alikuwa amekunja uso.

Kesho yake asubuhi, jua likiwa limeingia uani, Clare alimtoa Jackton nje, akamweka kwenye kiti, akamfunga taulo shingoni. Alikuwa ameloweka sabuni kidogo ili ilegee juu. Akamwonyesha brashi zote mbili.

"Baba, chagua. Hii ni ya farasi. Hii ya kiwandani."

Alimpitishia ile ya farasi kwenye shavu la kushoto, lile lenye kuhisi. Jackton alifumba macho. Ilionekana imempendeza, na Clare akafurahi. Lakini mzee alinyoosha mkono wake wa kushoto, akaichukua brashi ile, akajaribu kuizungusha. Mpini mwembamba ukamponyoka, brashi ikaanguka kwenye mchanga. Hakukasirika. Alinyoosha mkono tena, safari hii kwa ile nyeusi, nene, isiyo na uzuri. Vidole vyake vikaukumbatia mpini, vikajaa, vikatulia.

Clare alielewa kwa pamoja, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Yeye alikuwa amezunguka kote akichagua nywele. Baba yake alikuwa anachagua mpini, kwa sababu hakutaka kupakwa povu. Alitaka kulipiga mwenyewe.

Alimshikia mkebe. Jackton akaanza kuzungusha, polepole, mkono usiozoea kazi ile ukitetemeka, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo. Clare, kwa kutaka kusaidia, akachukua kikombe akamimina maji juu ya sabuni.

Mkono ukasimama. Jackton akamtazama kwa jicho kali ambalo Clare hakuwa ameliona tangu alipokuwa msichana wa kuchelewa kurudi nyumbani.

"Maji," alisema.

Neno lilitoka zito, limekwaruza, lakini lilikuwa neno, la kwanza tangu kiharusi. Clare alibaki na kikombe hewani. "Unataka maji, Baba? Niongeze?"

Jackton alitikisa kichwa kwa hasira. Akameza mate, akalitafuta neno la pili, akalipata.

"Mengi!"

Wathome, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake, aliruka kama kijana. "Kathini! Kathini, njoo! Anamgombeza!"

Clare alikuwa anacheka na kulia. "Pole, Baba. Pole sana. Ni mengi kweli." Aliyamwaga yaliyozidi, akamshikia tena mkebe, na safari hii hakuingilia. Povu lilianza dogo, la vijipovu vikubwa, kisha likabanana, likawa zito, likapanda kwenye brashi. Jackton alilipaka mwenyewe, shavu hadi shavu, akapaka na sikio bila kujua. Kisha akaegemea nyuma na kumwachia bintiye uso wake.

Clare alimnyoa bila haraka. Upande uliolegea aliuvuta ngozi kwa kidole kama alivyojifunza kwa Wathome. Chini ya zile ndevu uso wa baba yake ulikuwa palepale, mwembamba zaidi, lakini ni yeye.

Jumapili hiyo Jackton alitoka. Walitembea taratibu hadi kanisani, yeye na mkongojo, Clare upande mmoja na Austine upande wa pili, watoto mbele. Saa ya kutoa shukrani ilipofika, Clare, ambaye si mtu wa kusimama mbele za watu, alijikuta amesimama. Alitaka kutaja kila mmoja: mume aliyejipanga na watoto, jirani aliyetoa shavu lake, muuzaji wa Muthurwa aliyemwamini bila kumjua, mtu wa reli aliyesuka kamba za katani. Maneno hayakujipanga.

"Ninamshukuru Mungu," alisema, "kwa sababu wiki hii baba yangu amenigombeza."

Kanisa zima likaangua kicheko na makofi. Jackton, uso wake mweupe kwa poda ya kunyolea, alimvuta bintiye upindo wa gauni aketi.

"Inatosha," alimwambia.