Sehemu ya Tisa Panapitika

Shemeji yangu alikuwa amejipulizia manukato. Saa moja asubuhi, tunakwenda kwenye kinamasi kwa baiskeli, na mtu mzima na akili zake kajipulizia manukato. Nilimkuta langoni kwake ameinama, anapangusa tairi kwa kitambaa cheupe, tairi ambazo hata changarawe haijawahi kuzikwaruza, nikajua siku yangu imeanza vibaya.

"Twende shemeji, tusikawie," akasema. "Njia yenyewe naijua mimi, hata ukinifunga macho."

"Haya. Tangulia, nakufuata."

Yeye ndiye katibu wa njia wa chama chetu cha waendesha baiskeli, na ndiye aliyemwoa mdogo wangu. Mimi ni fundi wa baiskeli. Chama kizima kinaniletea breki zake na minyororo yake. Kwa hiari yangu nisingeandamana naye hata kwenda kisimani. Lakini jioni ya siku hiyo, saa kumi, tulikuwa na mkutano, na mkutano wenyewe ulikuwa na jambo moja tu: jina la Mwalimu lifutwe kwenye orodha ya viongozi wa misafara au libaki.

Mwalimu ndiye aliyekianzisha chama, baada ya kustaafu kufundisha. Miezi mitano nyuma, alfajiri moja ya ukungu mzito, aliongoza watu kumi na wanane kwenye sehemu ya tisa ya njia zetu, kule ambako nchi inalala tambarare kabisa, matete kushoto, matete kulia, mpaka bahari. Akawatumbukiza wote kwenye tope. Muuguzi mmoja alivunjika kifundo cha mkono, na wengine walirudi wamebeba baiskeli mabegani. Mwalimu alisema alifuata daftari la njia, ambalo Katibu ndiye anayeliandika. Katibu akasema daftari halina kosa, ila mzee alipitiliza kona pale kwenye tuta linalokatiza kinamasi, macho yamechoka, tumhurumie. Watu wakaamini. Katibu ana ulimi laini na meno mazuri, na Mwalimu anavaa miwani mizito, basi, kesi ikaisha hapo.

Sasa, hilo daftari lina sheria moja, na aliyeitunga ni Mwalimu mwenyewe. Amefundisha lugha miaka thelathini, sarufi imemwingia mpaka kwenye mifupa. Njia uliyopita wewe, kwa tairi zako, unaandika "panapitika." Njia uliyosimuliwa na watu unaandika "kunapitika." Pa umefika, ku umesikia. Wanachama wapya wakielezwa hucheka, halafu baada ya mwezi utawasikia wanakosoana wenyewe kwa wenyewe. Na sehemu ya tisa, kwa mwandiko wa Katibu wenye mikia mirefu, imeandikwa "panapitika."

Mwenyekiti, mama mmoja mshonaji asiyependa mambo nusunusu, ndiye aliyetaka mtu aende akaione hiyo kona kabla ya kura. Macho yakaniangukia mimi. Katibu akajitolea kunionyesha njia, kwa roho safi, alivyosema.

Tukatoka mjini, lami ikaisha, tukaingia kwenye changarawe. Mahali pale ni tambarare mpaka unaona mtu anayekuja kabla hujajua ni mwanamume au mwanamke. Upepo wa bahari ulikuwa unatupiga ubavuni, wenye chumvi, na ingekuwa niko peke yangu ningefurahi. Lakini mbele yangu kulikuwa na mgongo wa shemeji. Kila baada ya muda anaziba pua moja kwa kidole na kupenga kwa ile nyingine bila kugeuka, upepo unaleta kwangu. Nikamwambia mara ya kwanza. Mara ya pili nikahamia upande wa pili wa njia.

Kwenye njia panda ya kwanza alisimama, akatoa simu, akajifanya anajibu ujumbe. Nikaona macho yake yanavyokwenda kushoto, kulia, kushoto.

"Wapi?" nikamuuliza.

"Kushoto. Nilikuwa namjibu mtu."

Tukaenda kushoto, tukafika kwenye shamba la chumvi, njia ikaishia hapo. Tukarudi. Akasema wamebadilisha vibao. Vibao havijawahi kuwepo pale tangu nizaliwe. Nikamfuata tena.

Harufu tuliipata kabla ya kuona chochote. Si harufu ya kinamasi, hiyo naijua, ni ya majani yaliyooza na haimdhuru mtu. Hii ilikuwa inaingia mdomoni. Tulikuwa juu ya tuta, njia ya changarawe imenyooka, na mbele yetu mfereji kutoka kwenye banda la kuchinjia kuku ulikuwa umelikata tuta katikati. Chini yake kulikuwa na dimbwi la povu la kijivu, manyoya yanaelea, matumbo ya kuku yamejikusanya kwenye mashina ya matete, na funza wanacheza juu yake kana kwamba ni mali yao. Udongo wa kingo zake ulikuwa mgumu na wa zamani, nyasi zimeota. Mfereji ule haukuchimbwa jana wala mwaka huu. Nikajifunga kitambaa puani.

"Kona iko wapi?" nikamuuliza.

"Hapo mbele kidogo."

"Mbele wapi, shemeji? Tuta limenyooka. Tangu lilipoanza halina mchepuko hata mmoja. Mwalimu angepitiliza nini hapa?"

"Wewe hujui. Unashuka hapa, unapanda ng'ambo, kona hiyo." Na kwa kiburi chake akapanda baiskeli, akashuka.

Hakufika hata mita tatu. Tairi la mbele lilizama lote, yeye akaruka juu ya usukani, akalala kifudifudi kwenye uchafu ule. Alipoinua uso nilimwona ana unyoya kwenye mdomo wa chini. Nilicheka, nisiseme uongo, halafu kicheko kikaniishia, kwa sababu alikuwa anazama. Nikalala kwenye ukingo, nikamshika mkanda wa suruali, nikavuta. Nilipomtoa nilikuwa na utumbo wa kuku kwenye kiwiko.

Cha kwanza alichofanya ni kuchukua chupa yangu ya maji bila kuuliza. Akaweka mdomo wake ule, akasukutua, akatema, akanywa, akanirudishia.

"Balaa gani hili," akasema. "Na yule mkata matete aliniambia kunapitika."

Nikamtazama. "Alikwambia nini?"

Akafuta mdomo kwa kiganja. Nadhani alilisikia neno lake mwenyewe likirudi.

"Panapitika," akasema.

"Umesema ku."

"Shemeji, herufi mbili tu hizo. Mtu kalamu inaweza kumteleza."

"Hujawahi kufika hapa."

"Nilikuwa na sehemu kumi na mbili za kukagua kabla ya kikao. Kila mtu angefanya hivyo." Alikuwa anajipangusa kwa kile kitambaa cheupe, anazidi kujipaka. "Sikiliza. Tutasema maji ya juzi yameibomoa kona. Hakuna atakayejua. Mzee tumpe heshima, awe mlezi wa chama, si ataridhika? Na umfikirie mdogo wako. Ukiniaibisha mimi unamwaibisha yeye."

Hapo ndipo kiliponishika kinyaa cha kweli. Matumbo ya kuku mtu unayaosha yanatoka. Huyu mtu alikuwa amesimama hapo ananuka, na bado anapanga amtwike nani ubaya wake, na amemtanguliza mke wake mbele awe ngao. Nikageuza baiskeli yangu. Njia nzima ya kurudi sikumjibu, na chupa ile niliitupa kwenye pipa la kwanza nililoliona mjini.

Saa kumi alikuja mkutanoni ameoga. Manukato tena, mara mbili ya asubuhi, chumba kizima kikajaa. Mdogo wangu alikaa safu ya mbele. Mwalimu alikuwa karibu na dirisha, kofia juu ya magoti, anatazama sakafu.

Katibu hakungoja kuitwa. "Mimi na Fundi tumefika leo," akaanza, uso mkavu. "Kwa bahati mbaya maji ya wiki hii yameibomoa ile kona. Mwalimu hatumlaumu. Ni umri, sote tunaelekea huko. Napendekeza tumfanye mlezi."

Watu wawili watatu wakapiga makofi. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyekwisha kukubali. Ule mwitikio ndio ulioninyanyua kwenye kiti.

"Hakuna kona," nikasema. "Haijawahi kuwepo. Njia ni moja, imenyooka, inaingia kwenye mfereji wa banda la kuku, na mfereji ni wa zamani. Katibu hakuwa amefika pale mpaka leo asubuhi. Alisimuliwa na mkata matete, akaandika pa."

Mdogo wangu alivuta mkoba wake, akaupakata, na tangu hapo hakunitazama tena. Mwenyekiti akafungua daftari, akamwuliza Katibu kama ni kweli. Katibu akaanza tena habari za herufi mbili. Katika chama kingine labda wangecheka. Kwetu muuguzi alikuwa anausugua mkono wake uliovunjika. Mwenyekiti akalikata neno lile kwa mstari, akanipa kalamu. Nikaandika "hapapitiki," nikatia sahihi.

"Mwalimu," Mwenyekiti akasema, "jina lako linabaki. Utatuongoza?"

Mzee akavua miwani, akaishika mkononi. "Tangu mniambie habari za hiyo kona, nimemwambia mke wangu ninakuwa kipofu," akasema. "Siku hizi hata barabara ananivusha yeye." Kisha akanigeukia. "Fundi, kutoka kwako mpaka pale ni mwendo gani?"

"Saa moja na nusu, Mwalimu."

"Kwa baiskeli."

"Kwa baiskeli."

Mwendo wa asubuhi moja, na miezi mitano sikwenda kuangalia. Ningeweza kusema nilikuwa na kazi nyingi. Lakini kwa miezi mitano wateja walikuwa wanakaa kwenye benchi langu, wananiuliza ilikuwaje kwa mzee, nami nawajibu huku nakaza spoku: alipitiliza kona. Sikuwahi kusema nasikia alipitiliza. Nilisema alipitiliza.

"Na mimi nilisema, Mwalimu," nikamwambia mbele ya wote. "Kila aliyeniuliza nilimwambia ulipitiliza kona."

Akavaa miwani yake.

"Najua," akasema. "Waliniambia."